Upele umepona, mbona bado nawashwa?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani hapa Tanga mjini. Mwanangu Salma, yuko darasa la pili, alirudi na upele kutoka shuleni. Tukapewa ile dawa nyeupe ya kupaka, nikampaka yeye na wadogo zake, nami nikajipaka, nikafua mashuka nikayaanika juani. Baba yao alikuwa safari, ni dereva wa lori. Sasa ni wiki ya tatu. Wadogo hawajambo, Salma bado anajikunakuna. Mimi ngozi imetulia, nimebaki na alama tu. Lakini nawashwa! Mteja akijikuna mbele yangu, nami nimeshaanza. Mtu akitaja upele, nimeshaanza. Usiku ndiyo usiseme. Nimerudi kwa daktari, kaniangalia, kasema sina kitu, ni mawazo tu. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Nataka kujua jambo moja: tatizo liko kwenye ngozi au liko kichwani? Na huyu mtoto namkemea asijikune mpaka sauti inakauka, je, nafanya sawa? Mama Salma, Ngamiani."

Marahaba mama Salma, na pole.

Kabla sijafika kichwani, nianze na lori. Kuna jambo umelipita mbio kama si kitu: baba watoto alikuwa safari siku mliyopaka dawa. Mimi hapo ndipo nilipowekea alama nilipoisoma barua yako. Kidudu cha upele kikimwingia mtu ambaye hajawahi kuugua, muwasho huchelewa wiki mbili hadi sita, kwa sababu kinachowasha hasa ni kinga ya mwili kuvikataa vidudu, mayai yao na kinyesi chao, na kinga huchukua muda kuvijua. Mumeo anaweza kuwa aliondoka navyo nyumbani, akalala navyo Segera, akalala navyo Dodoma, akarudi navyo kitandani kwako bila kujikuna hata mara moja. Hajui, nawe hujui.

Akirudi safari hii, pakeni wote siku moja. Kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, kisha mrudie kama mlivyoelekezwa kwenye dawa mliyopewa. Kwa watoto wadogo uliza kwanza kliniki, maana dawa ile nyeupe huzimuliwa, na mtoto mchanga ana yake. Blanketi lisilofulika lifunge kwenye mfuko wiki nzima. Kidudu kikikosa ngozi ya mtu hakina maisha marefu.

Na hata kama upele umekwisha kabisa, kuwashwa baada ya dawa ni jambo la kawaida. Vidudu vilivyokufa vinabaki ndani ya ngozi hadi tabaka lile la juu lijiambue, na kinga inaendelea kugombana na maiti. Hali hiyo huchukua wiki mbili hadi nne. Wewe uko ya tatu. Kwa hiyo sehemu ya jibu lako ni ngozi, na ningependa tuimalize hiyo kwanza kabla hatujaanza kumtuhumu ubongo.

Lakini kuwashwa kwa kutajiwa upele, au kwa kumtazama mteja anavyojikuna, huko hakutoki kwenye kidudu. Hapo tumeingia kichwani kweli. Na kichwani si mahali pa uongo. Muwasho wote, hata ule wa mbu aliyekuuma sasa hivi, unasikika kichwani. Ngozi kazi yake ni kupiga hodi. Wa kusema karibu ni ubongo, na ubongo una tabia zake: hodi nyingine unaziacha zipite, nyingine unazikaribisha kabla hazijapigwa.

Tazama njia yenyewe. Kwenye ngozi kuna nyuzi za fahamu nyembamba mno zinazobeba muwasho. Mwaka 1997 Martin Schmelz na wenzake nchini Ujerumani walizirekodi kwa watu walio macho, wakakuta zile zinazoitika histamini ni polepole ajabu, kama nusu mita kwa sekunde. Kutoka kifundo cha mguu hadi uti wa mgongo ni sekunde mbili hivi. Maumivu makali ya kuchomwa sindano yana nyuzi zao za kasi zaidi, wewe fundi unajua: kidole kimeshatoka kwenye sindano ya cherehani kabla hujasema "ah". Muwasho hauna haraka hiyo. Unakuja, unatulia, unazidi.

Histamini ndiyo kemikali ya mbu na ya mabaka ya mzio, na ndiyo inayozuiwa na Piriton. Ila si muwasho wote unapita kwake. Nani hapa pwani hajui upupu? Tulikuwa tunawamwagia wenzetu kwenye madawati, Mungu atusamehe. Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur huko Marekani walichunguza vinyweleo vya upupu wakakuta vimebeba kimeng'enya kinachokata protini, na baadaye ikajulikana kwamba kinagonga vipokezi vyake chenyewe, yaani milango ya kupokelea ujumbe, kwenye nyuzi za fahamu, mbali na histamini. Ndiyo maana ukimwagiwa upupu unaweza kumeza Piriton, ukasinzia, na ukaendelea kujikuna usingizini.

Mfano mwingine wazee wako wanao. Waulize habari za klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini hadi 2001. Watu wengi walikuwa wakishameza tu wanawashwa mwili mzima, viganjani, nyayoni, kichwani, ngozi haina hata kipele kimoja. Wapo walioona bora homa. Mwaka 2009 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba klorokwini inagonga kipokezi maalumu kwenye neva za muwasho, nacho pia si cha histamini. Nakutajia haya kwa sababu moja: ngozi safi haimaanishi hakuna muwasho. Bibi aliyemeza klorokwini mwaka 1985 angekuwa na haki ya kumshangaa mtu yeyote wa kumwambia ni mawazo.

Kwenye uti wa mgongo ujumbe una njia yake pia. Zamani vitabuni walisema muwasho ni maumivu madogo. Mwaka 2007 Yan-Gang Sun na Zhou-Feng Chen wakapata panya waliokosa kipokezi kimoja tu kwenye uti wa mgongo: maumivu waliyasikia kama panya wengine, lakini muwasho ulipungua sana. Njia mbili tofauti, na zinazuiana. Maumivu huzima muwasho, ndiyo kazi ya kucha zako. Na dawa ya kuzima maumivu inaweza yenyewe kuleta muwasho: mama aliyejifungua kwa upasuaji akachomwa mofini kwenye uti wa mgongo, mara nyingi utamkuta wodini hana maumivu, anajikuna pua.

Ujumbe ukishafika juu, hauingii chumba kimoja. Watu huniuliza ni sehemu gani ya ubongo inayowashwa, ningependa kuwaonyesha kwa kidole, lakini haipo. Kuna sehemu inayosema ni wapi: goti la kushoto, kwa ndani. Kuna sehemu za ndani zaidi zinazosema ni karaha kiasi gani. Na kuna zile za kupanga mwendo, ambazo zinawaka mapema mno, wakati mkono bado umetulia. Daktari mmoja wa Kijerumani, Samuel Hafenreffer, aliandika mwaka 1660 kwamba muwasho ni hisia isiyopendeza inayoleta hamu ya kujikuna. Hadi leo hatujapata maelezo bora kuliko hayo, na picha za ubongo zimempa haki: hamu ya kusogeza mkono ni sehemu ya muwasho wenyewe. Ndiyo maana kumwambia mtu "usijikune" ni kazi bure, lakini nitafika huko.

Sasa mteja wako anayejikuna.

Kwenye kliniki ya ngozi tunaliona hili kila wiki. Benchi la nje limejaa, watu wametulia, mmoja anaanza kujikuna shingo. Ngoja kidogo. Wa pembeni yake anapitisha mkono kwenye paja kama anayenyoosha suruali. Wa tatu anajishika sikio. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ndani, nikiwafundisha wanafunzi habari za upele na picha zikiwa ukutani, nusu yao wanajishika kichwa bila kujua. Huko Ujerumani Uwe Gieler na wenzake walilifanyia jaribio: wakaitisha mhadhara wa wazi, kamera zikiwaelekea wasikilizaji. Kwanza picha za viroboto, vidudu na ngozi iliyokunwa. Kisha picha za vitu laini, watoto wachanga, watu wakioga. Kwenye picha za kwanza ukumbi ulijikuna zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza, Henning Holle na wenzake, wakawaonyesha watu video fupi za mtu akijikuna: zaidi ya nusu walijikuna. Zikawaka sehemu zile zile za ubongo zinazowaka mtu akiwashwa kweli.

Walichokikuta juu ya hapo ndicho kinachokuhusu. Walidhani atakayeambukizwa zaidi ni mwenye huruma, anayejiweka kwenye nafasi ya mwenzake. Haikuwa hivyo. Aliyeambukizwa zaidi ni mwenye mwelekeo wa kuingiwa na wasiwasi upesi. Nyani nao hujikuna wakiona wenzao wanajikuna. Kuhusu panya kulikuwa na taarifa mwaka 2017 kwamba nao huambukizana, wengine wakarudia jaribio wasione kitu. Mimi kwa panya nangoja, kwa binadamu sina shaka hata kidogo.

Na ukifikiri, si ujinga wa ubongo. Mwenzako mliyelala kitanda kimoja akianza kujikuna, uwezekano ni kwamba kunguni au chawa anakuja kwako. Ubongo unaoanza kuikagua ngozi mapema una faida. Shida ni kwamba wewe umetoka kwenye upele wa kweli, umepaka watoto usiku, umefua mashuka ya nyumba nzima, na mlinzi wako amebaki macho. Kila saa ngozi inatuma viashiria vidogo: uzi umegusa shingo, jasho limeteremka mgongoni, mshono wa blauzi umekwaruza. Siku za kawaida ubongo unaviacha vipite. Sasa kila kimoja unauliza: ni upele? Ukiuliza hivyo, mara nyingi jibu linakuja kama muwasho. Muwasho wa kweli, si wa kujifanya.

Hapa nimjibu mama mkwe, kwa heshima yake. Sisi wa Tanga tumeshazoea kusingiziwa uchawi na nchi nzima, tusianze kusingiziana wenyewe. Akikuletea kombe na imani yako inakuruhusu, kunywa. Akikuletea ndimu na chumvi za kusugulia ngozi iliyochubuka, mshukuru na uziweke jikoni kwenye mboga. Ila jambo moja la kitaalamu kabisa: matarajio yanabadilisha muwasho. Mtu akiambiwa kitu hiki kitakuwasha, atawashwa zaidi kuliko yule aliyeambiwa hakina neno, kitu kikiwa kile kile. Na wanaopewa dawa isiyo na dawa ndani, nao wengi hupata nafuu. Kwa hiyo kila jioni ukiambiwa kuna mkono wa mtu mwilini mwako, ubongo utautafuta huo mkono. Muombe mama, kwa upole, mazungumzo hayo yapumzike mwezi mmoja.

Tuje kwenye utamu. Maana kujikuna ni kutamu, na watu huona aibu kusema. Mwaka 2008 Gil Yosipovitch na wenzake huko North Carolina walipiga picha ubongo wa watu 13 wenye afya huku wakikunwa mguu kwa brashi. Sehemu zinazohusika na karaha zilipoa wakati wa kukunwa. Kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba mtu mwenye muwasho akijikuna, njia za ubongo za kuleta raha na kutaka tena zinawaka, zile zile za chakula kitamu. Na mahali panahesabika: kifundo cha mguu na mgongo huleta raha kuliko mkono. Kama umeshawahi kujikuna kifundo cha mguu mpaka ukafumba macho, hukuwa peke yako.

Utamu huo una deni. Kucha zinaleta maumivu, maumivu yanaufanya ubongo utume kemikali ya serotonini kuteremka kwenye uti wa mgongo ili kuyatuliza. Lakini kwa panya, Chen na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba serotonini hiyo hiyo inazichochea seli za muwasho. Umejikuna ili upone, ubongo wako mwenyewe ukaongeza moto kwa nia njema. Juu yake weka ngozi iliyochubuka inayomwaga kemikali zake za kuwasha, basi mzunguko umekamilika: unawashwa, unakuna, unawashwa zaidi. Nikimpokea mgonjwa anayesema anawashwa, kabla sijamvua shati nageuza mikono yake nitazame kucha. Za mtu anayejikuna miezi mingi zinang'aa kama zilizopakwa rangi, zimesuguliwa na ngozi yake mwenyewe. Kisha namwomba ageuke. Kama mgongo wote una mikwaruzo isipokuwa pale katikati ya mabega ambapo mikono haifiki, pamebaki pasafi kabisa, najua vidonda vile vingi ni kazi ya kucha. Ngozi pale iko salama kwa sababu tu haikufikika. Nenda mbele ya kioo ujitazame, au umwombe dada yako, utapata habari nyingi.

Usiku una sababu zake, na hazina jini ndani. Mwili ukijiandaa kulala damu nyingi husogea kwenye ngozi, ngozi inapata joto, na joto huchochea muwasho; ongeza Februari ya Tanga na chandarua, hakuna upepo. Ngozi hupoteza maji zaidi usiku. Homoni ya kotisoli, inayotuliza uvimbe mwilini, iko chini kabisa. Zaidi ya yote, cherehani imenyamaza. Mchana ubongo wako unahesabu mishono na kumsikiliza mteja anayetaka gauni la harusi jana. Usiku hauna kazi nyingine ila kusikiliza ngozi. Na upele nao, kama bado upo, hupenda usiku, ndiyo sababu nimeng'ang'ania habari ya lori.

Unaweza kuniuliza, basi ubongo unaweza kuwasha hata pasipokuwa na chochote kwenye ngozi? Unaweza. Wapo waliokatwa mguu wanaowashwa na mguu usiokuwepo. Na wapo waliougua mkanda wa jeshi, ukapona, neva za sehemu ile zikabaki zimeharibika, wakaachiwa muwasho mkali mahali ambapo ngozi karibu haina hisia. Madaktari wa Boston waliandika mwaka 2002 habari za mwanamke aliyeugua hivyo usoni. Alijikuna hadi akavuka mfupa, kwa sababu muwasho ulikuwepo ila maumivu ya kumzuia hayakuwepo. Yako siyo hiyo, wala haielekei huko, usilale na picha hiyo. Nimeitaja kwa sababu inanisaidia kubishana na wenzangu wanaodhani ngozi isiyo na kitu haina mgonjwa.

Ubongo ukiweza kuwasha, unaweza pia kudanganywa upoe. Huko Lübeck, Ujerumani, mwaka 2013 walichoma histamini kwenye mkono wa kulia wa watu, wakaweka kioo ili mkono wa kushoto uonekane kama ndio wa kulia. Wakaukuna wa kushoto, usiowasha. Muwasho wa kulia ukapungua, kwa kiasi fulani. Sikwambii ununue kioo, ingawa ni bure kujaribu na kile ulichonacho dukani kwa wateja.

Nikwambie ninachotaka ufanye. Muwasho ukija, baridi kwanza: kitambaa cha maji baridi dakika kadhaa, si maji ya moto. Maji ya moto yanapendeza kama kujikuna na yanakausha ngozi. Sabuni kali za dawa ziache, ngozi yako imeshachoka na dawa ile nyeupe, nayo yenyewe hukausha na kuwasha. Ukitoka kuoga jipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, asubuhi na usiku. Hili watu huliona dogo, kumbe ndilo linalopunguza zile hodi zisizo na maana.

Mikono ipe kazi nyingine. Ukiisikia hamu inakuja, kunja ngumi zote mbili uzibane, uhesabu polepole hadi thelathini, kisha bonyeza mahali panapowasha kwa kiganja, bila kucha. Siku za kwanza utajikuta umeshakuna kabla hujakumbuka. Ndivyo ilivyo, mkono umeshazoea njia. Anza na saa moja ya siku ambayo ndiyo mbaya zaidi, usijipe mtihani wa siku nzima. Kinachotafutwa ni kuuacha muwasho upande na ushuke wenyewe, na hushuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, ubongo ujifunze kwamba hakuna cha kukaribisha.

Piriton inaweza kukusaidia usiku kwa sababu inaleta usingizi, si kwa sababu inazima sana muwasho wa aina hii. Usiimeze asubuhi ukakae kwenye cherehani, sindano haina huruma. Na baba Salma asiimeze kabisa akiwa na safari. Kingine, tafadhali: zile krimu za mchanganyiko za dukani, za kupaka "kila kitu", nyingi zina steroidi kali. Ukipaka kwenye upele, muwasho unapoa, uwekundu unafifia, na vidudu vinaendelea kuzaa kwa raha zao chini yake. Tumeona upele wa namna hiyo ukizunguka nyumba nzima miezi mingi, kila mtu akidhani ni mzio.

Rudi hospitali, na useme nimekutuma, ikiwa vipele vipya vinatoka katikati ya vidole au viwikoni, au wiki ya nne imepita baada ya dawa ya pili na bado. Muwasho unaozidi wiki sita tunauita sugu na tunautafutia sababu ndani: ini, figo, tezi ya shingo, upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, na mara chache saratani ya mitoki. Kwa hiyo macho yakiwa ya manjano, ukipungua bila kutaka, ukitoka jasho la usiku, au ukigusa uvimbe shingoni au kwapani, usingoje wiki zihesabike. Ukiwa mjamzito na viganja na nyayo vikaanza kukuwasha sana usiku bila vipele, nenda kesho yake. Na kama uliishi milimani, upande wa Amani na mito yake, mtaje daktari jambo hilo, maana usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni, huwasha kwa miaka na ulikuwako huko tangu zamani.

Tukija kwa Salma. Unamkemea, na kwa sababu mbili, ubongo wake na wako, nakuomba uache. Kila ukimwambia "usijikune" umemrudisha kwenye ngozi yake, hata kama dakika ile alikuwa ameshaisahau, na wewe mwenyewe umejikumbusha. Badala ya kumkataza, mwite. Mpe kopo la vifungo akupangie kwa rangi, mpe bobini akuzungushie uzi, muulize habari za shule. Akishikwa sana, kitambaa cha maji baridi, na umfundishe kupapasa kwa kiganja. Usiku avae nguo ya pamba nyepesi yenye mikono mirefu, na kitanda kisiwe karibu na ukuta wenye joto la jua la jioni. Kucha zake zikate kila Ijumaa, fupi, na zako pia.